Mberi Usio na Miiba

Wahenga waliposema mchuma janga hula na wa kwao, hawakuwa wakimwonea huruma mchumaji. Waliwaonea huruma wale waliobaki nyumbani wakingoja chakula, wasijue kilichomo kapuni. Maana ya methali hii ni kwamba mtu akijitakia balaa, balaa hilo halimwishii njiani peke yake. Humfuata mpaka mlangoni, likavua viatu, likaketi mkekani pamoja na mama yake, ndugu zake na jirani zake. Ndivyo ilivyokuwa katika mteremko mmoja ambao leo ukiupita utadhani hapajawahi kuota kitu.

Mteremko huo ulikuwa na matuta kumi na mawili, yamepangika kama ngazi ya jitu. Juu kabisa palikuwa na kitalu cha miche. Chini kabisa palikuwa na shimo la taka. Kutoka kitaluni hadi shimoni ilishuka njia moja nyembamba iliyoyakata matuta yote. Na matuta yote yalijaa miberi, vile vichaka vya asili vyenye miiba iliyopinda kama kucha za paka na matunda madogo meusi yanayong'aa kama macho ya ndege. Miberi ile haikununuliwa dukani. Ilikuwepo kabla ya matuta. Baba wa nyumba moja, enzi za uhai wake, aliitoa mwituni mche mmoja mmoja, akaifunga kwenye nguzo na nyaya, akaifundisha adabu. Majirani walipoona inazaa, nao wakapanda. Alipofariki alimwachia mkewe matuta matano: mawili ya juu, penye kitalu, na matatu ya chini, yenye vichaka vya kale alivyovipanda kwa mkono wake.

Mjane huyo watu wote walimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amechuma beri kwa miaka arobaini, na mkono wake wa kulia ulikuwa kitabu cha miaka hiyo. Wachumaji wa pale huvaa glavu mkono wa kushoto tu, ule wa kushikia tawi. Wa kulia huachwa mtupu, kwa sababu beri iliyoiva hujulikana kwa ncha ya kidole. Ikivutwa kwa glavu hupondeka. Basi mkono mtupu ndio unaolipa. Mkono wa Bi Mkubwa ulikuwa na makovu juu ya makovu, na kidole cha shahada kilikuwa hakikunjiki tena tangu mwiba ulipovunjikia ndani ya kiungo.

Alikuwa na watoto wawili. Mdogo alikuwa binti mzima wa miaka thelathini na kitu, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Yeye ndiye aliyekuwa mpogoaji wa mteremko mzima, mkasi wake haukutoka kiunoni. Mkubwa alikuwa kaka yake, msimamizi wa kitalu. Huyu aliitwa Profesa. Hakuwahi kumaliza kidato cha pili, lakini ukimsalimia asubuhi angekueleza asili ya salamu.

Siku moja ya masika Profesa aliingia katika banda la kuchambulia beri na gunia bichi begani. Alilitua juu ya meza, mbele ya mama yake.

"Mama, nimekuletea mkwe," akasema.

"Mkwe gani huyo anayekuja ndani ya gunia?"

"Mkwe mpole. Hana kucha."

Alilifungua gunia. Ndani mlikuwa na machipukizi kumi na mawili ya mberi, yana mizizi na udongo wake. Yalikuwa membamba, marefu, ya kijani kilichopauka, na hayakuwa na miiba. Bi Mkubwa alivua glavu. Akapitisha viganja vyote viwili kutoka shinani hadi nchani, polepole, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Hakuchomwa. Akacheka, na kicheko hicho hakikuwa kimesikika tangu azikwe mumewe.

"Arobaini," akasema. "Miaka arobaini nalishwa miiba, kumbe wapole nao walikuwepo."

"Umeitoa wapi?" Kitinda akauliza.

"Korongoni."

"Korongo lipi?"

"Kitinda, siku hizi umeajiriwa polisi? Korongo ni korongo."

Kitinda aliangalia viatu vya kaka yake. Udongo wa mteremko wao ulikuwa mweusi, unanata kama lami. Udongo ulioganda kwenye viatu vya Profesa ulikuwa mwekundu. Udongo mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, ng'ambo ya kijito, katika msitu uliofungwa na idara ya kilimo mwaka mmoja kabla. Walikuwa wamezungusha utepe mwekundu na kusimika kibao: ni marufuku kutoa mmea wowote, hata jani. Kila mtu alijua miberi ya kule inaumwa. Lakini inaumwaje, hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuona.

Kitinda aliuona udongo ule, akamwona na mama yake anavyocheka. Akanyamaza.

Machipukizi kumi na mawili yalikatwakatwa, yakawa vipandikizi arobaini. Profesa aliipanda ile miche michanga katika matuta mawili ya juu, akaisimamia kama nesi wa zamu. Kila mchumaji alikuja kuishika, akaifurahia. Haikuzaa mwaka huo, na hakuna aliyeshangaa, kwani mberi hauzai katika tawi la mwaka wa kwanza. Tawi huota mwaka huu, likazaa mwaka ujao, kisha hufa. Kwa hiyo watu walingoja kwa moyo mweupe. Bi Mkubwa alipita pale kila asubuhi kabla ya kazi. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaisemesha, kisha akateremka kwenye vichaka vyake vya kale kuendelea na kazi.

Mwaka wa pili ulipofika, ile miberi mipole haikuzaa. Ikafuata na mingine. Kitinda alikuwa akipogoa tuta la sita, la jirani, alipoona majani yamekunjamana na kudumaa kama masikio ya mgonjwa. Akaligeuza moja. Upande wa chini ulikuwa umefunikwa na unga wa rangi ya chungwa, mkali, kama manjano iliyomwagika. Akaugusa, ukabaki kidoleni. Akageuza jani jingine, na jingine. Katika kichaka kizima hapakuwa na ua hata moja.

Hasira ilimpanda kichwani kabla ya akili. Alitafuta mtu wa kumbebesha, na hasira haikosi mtu. Jirani wa tuta la sita alikuwa mfuga nyuki mmoja mpweke, mzee aliyeitwa Nta kwa sababu nguo zake zilinuka nta. Mizinga yake minane ilikuwa pembeni mwa mteremko, na Kitinda aliwaona nyuki wanarudi mizingani miguu imejaa unga wa chungwa.

"Mzee Nta, angalia nyuki wako wanabeba nini," akamwambia.

"Wanabeba chavua, binti yangu. Ndiyo kazi waliyopewa."

"Hii si chavua. Ni kutu. Wanaipeleka kila kichaka."

"Wewe unapogoa vichaka vyote hivi kwa mkasi mmoja," mzee akajibu bila kupandisha sauti. "Nyuki nao wakuulize nini?"

Neno hilo lilimchoma kama msumari wa moto. Alikwenda akaitisha kikao cha wenye matuta. Wote walikusanyika katika banda la kuchambulia, wakaketi juu ya makreti matupu, na mwenye maneno alikuwa Profesa. Alisimama nusu saa nzima. Aliwaeleza nyuki ana miguu mingapi, kila mguu una nywele ngapi, na kila unywele unaweza kubeba nini. Aliongea vizuri hata watu wakasahau kumuuliza ameyasoma wapi. Mzee Nta alipewa siku tatu aondoe mizinga.

Aliiondoa kwa mkokoteni, jua la saa saba, kwa sababu mwenye mkokoteni hakuwa na nafasi saa nyingine. Masega yaliyeyuka njiani. Asali ilidondoka barabarani mstari mrefu, na nyuki waliojaribu kuifuata walinaswa ndani yake wakafa. Hakuna aliyejitokeza kumsaidia kusukuma. Kitinda alikuwa juu ya tuta la nne na mkasi mkononi. Aliona yote, akageuka akaendelea kupogoa. Katika yote aliyoyafanya maishani, hilo ndilo aliloshindwa baadaye kulitolea sababu.

Wiki moja baadaye alifika bibi shamba, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Alikuja na beseni na chupa ya dawa. Kila alipotoka tuta moja kwenda jingine alisimama, akaosha viatu vyake na mikono yake, ndipo akaingia. Wachumaji walimcheka chini kwa chini, wakimwita Bi Udhu. Yeye hakujali. Aligeuza majani, akakata matawi, akayatazama kwa kioo cha kukuzia, kisha akawaita wote bandani.

"Ninasikia mmemfukuza mfuga nyuki," akasema. "Nyuki hawana kesi hapa. Kutu hii ni kuvu, na unga wake husafiri kwa upepo. Haikai juu ya jani kama vumbi la barabarani. Huingia ndani, ikashuka mpaka mizizini, na mmea ukishaipata hauponi. Usioshe, usinyunyize, usisali. Ni kung'oa na kuchoma. Tena ina hila moja mbaya. Mmea unaougua hutoa vijiti vyembamba, laini, visivyo na miiba. Mtu asiyejua anaweza kudhani amebahatika."

Profesa alikohoa. Mbele ya macho yake Kitinda akaona viatu vyenye udongo mwekundu.

"Imetoka ng'ambo ya kijito," bibi shamba akaendelea. "Swali ni imepitaje. Nikijua ilipoingia na ilipopita, nitakata hapo tu, na mwaka ujao mtachuma. Nisipojua, sitabahatisha. Nitang'oa mteremko wote. Nitarudi baada ya siku kumi. Mwenye habari aniambie, si lazima leo, si lazima mbele za watu."

Bi Mkubwa hakuwepo siku hiyo. Alikuwa chini, katika vichaka vya kale ambavyo bado vilikuwa vizima, anachuma.

Kitinda alimfuata kaka yake mpaka kitaluni. Akaingia, akaurudisha mlango wa mabati nyuma yake.

"Ulijua lini?"

"Kujua nini?"

"Kaka, usinizungushe kama pia. Ulijua lini?"

Profesa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza alionekana hana la kufundisha. "Mwaka jana mwishoni. Niliona unga chini ya majani. Nikajiambia ni vumbi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaosha kwa sabuni. Ukarudi. Basi nikaanza kuyachuma yale majani yenye unga, moja moja, kila mchana mkiwa mmepumzika. Nikayapeleka shimoni."

"Uliyabeba na nini?"

"Kwa kapu. Kapu la beri."

"Ulilifunika?"

Profesa aliinamia viatu vyake.

"Nakuuliza ulilifunika?"

"Sikulifunika."

Kitinda alifungua mlango akatazama chini. Alikuwa amepogoa vichaka vile miaka mingi, alivijua kama vidole vyake, lakini siku zote aliviangalia kimoja kimoja. Sasa alivitazama vyote kwa pamoja. Kutoka tuta la tatu hadi la tisa, vichaka vilivyougua vyote vilikuwa upande mmoja wa njia, upande wa kushoto, upana wa mkono mmoja ulionyooshwa. Kaka yake alikuwa mashoto. Kila mchana, watu wakiwa vivulini, alishuka na kapu wazi mkononi, na upepo ukamwaga unga tuta kwa tuta, ukaisha kabla hajafika kwenye vichaka vya mama. Kuvu ilikuwa imechora njia yake kama aliyeishika kalamu.

"Na Mzee Nta?" akauliza bila kugeuka.

"Nilitaka kusema, Kitinda."

"Ulisema. Ulisema nusu saa nzima. Ulituhesabia na nywele za miguu."

"Wewe ndiye uliyeanza na nyuki."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimtia Kitinda ghadhabu maradufu. Alishika ukingo wa meza ya miche mpaka vidole vikamwuma. Alitamani kumpiga. Alitamani pia arudi siku ile ya gunia, aseme neno moja tu, mbele ya mama, hata kama kicheko kile kingekatika.

"Utamwambia bibi shamba leo," akasema.

"Sikiliza kwanza. Mama amebakiza wiki moja ya mavuno kule chini. Nikisema leo wataleta watu, watafunga njia, hataruhusiwa kuchuma. Mwache amalize. Siku ya kumi nitasimama mwenyewe, nitasema mbele ya kila mtu. Nakuapia kwa kaburi la baba." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Niliileta kwa ajili ya kile kidole chake. Wewe unajua. Sikuileta kwa ubaya."

Kitinda alijua. Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Kama angekuwa mwizi, ingekuwa rahisi.

"Siku kumi," akasema.

Alijiambia kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya mama. Lakini kumfichia ndugu kosa ni kufunika moshi kwa kapu. Unautuliza mkono wako tu, moshi haukutambui. Siku ya tatu upepo ulianza kuvuma kutoka juu, mkavu, wa kukwangua ngozi. Ulivuma siku nne mfululizo. Wachumaji waliokuwa tuta la saba walitoka na kope za rangi ya chungwa, wakataniana kwamba wamepakwa wanja wa harusi. Kitinda hakucheka. Kila jioni kabla jua halijazama alishuka kwenye vichaka vya baba yake akageuza majani. Siku ya tano yalikuwa safi. Siku ya saba yalikuwa safi. Siku ya tisa alikuta madoa ya njano, madogo kama vichwa vya pini. Alikaa chini pale pale juu ya udongo mpaka mama yake alipomwita.

Siku ya kumi bibi shamba alifika na beseni lake. Banda lilijaa. Safari hii Bi Mkubwa alikuwepo, ameketi mbele juu ya kreti, mikono mapajani. Profesa alisimama, akajifuta uso.

"Ndugu zangu," akaanza, "suala la ugonjwa huu lina pande nyingi. Kwanza tukiangalia hali ya hewa ya mwaka jana..."

"Sema, kaka," Kitinda akasema.

"Ninasema. Kama nilivyokuwa naeleza, hali ya hewa..."

Hapo Kitinda alisimama. Hakupiga kelele. Aliongea taratibu, kama anayekata tawi nene na hataki lipasuke.

"Waliouleta ugonjwa huu ni sisi. Ile miberi isiyo na miiba kaka yangu aliitoa ng'ambo ya kijito. Nilimwona siku ileile na udongo mwekundu viatuni, nikanyamaza. Majani yenye unga aliyapitisha njia hii yote ndani ya kapu wazi. Siku kumi zilizopita aliniambia kwa kinywa chake, nikanyamaza tena ili mama amalize wiki yake ya mavuno. Nyuki nimewasingizia mimi."

Kisha mwanamke mmoja mchambua beri, mwenye tuta la nane, akacheka cheko kavu.

"Profesa," akasema, "siku ile ulitusomesha vizuri sana. Leo mbona darasa limevunjika?"

"Mwacheni," mtu mwingine akasema nyuma. "Anatafuta nywele za kuhesabu."

Walimtukana. Walikuwa na haki. Watoto wa watu walisomeshwa kwa matuta yale, paa za nyumba zao ziliezekwa kwa matuta yale. Mzee mmoja alitema mate karibu na viatu vya Profesa na hakuomba radhi. Profesa alisimama kichwa chini, anafunika kiganja kimoja kwa kingine.

Ndipo Bi Mkubwa alipomgeukia bibi shamba.

"Mwanangu, hebu nieleweshe," akasema. "Ile mipole ndiyo iliyokuwa inaumwa?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa naishika kila asubuhi. Kwa mikono yote miwili. Halafu ndiyo nateremka kwa ile ya marehemu."

Bibi shamba aliweka beseni lake chini.

"Kwa hiyo hata mimi nimebeba," Bi Mkubwa akasema, na akavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. Hata waliokuwa wakitukana waliacha.

Bibi shamba alitembea mteremko mzima, akiosha viatu kila tuta. Ilimchukua saa mbili. Alipofika chini kabisa alipiga magoti mbele ya kichaka cha kale kuliko vyote, akageuza jani, akakaa nalo muda. Kisha akamwita Kitinda.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningekata kitalu, matuta mawili, na hatua mbili kila upande wa njia. Basi. Haya ya chini yangebaki." Alisema kwa hasira, na Kitinda aliona kwamba hasira hiyo ilikuwa ya mtu aliyepiga magoti mbele ya vichaka vingi vya namna hiyo, akaambiwa ukweli siku ya kumi mara nyingi. "Sasa yote. Na miaka mitano hapandwi mberi hapa."

Walichoma siku tatu. Kila mwenye tuta aling'oa cha kwake kwa jembe, akakilowesha maji unga usiruke, akakikokota mpaka motoni. Beri mbichi zilipasuka ndani ya moto kama mahindi ya kukaanga, na harufu ya sukari iliyoungua ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye vitanda. Majirani walifanya kazi bila kuwasemesha watu wa nyumba ile. Waliwapitia kando kama wanavyopita shimo.

Siku ya pili alikuja Mzee Nta. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akitazama. Kitinda alivuka akamwendea.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi."

"Imebaki mizinga miwili," akasema mzee, kana kwamba ameulizwa.

"Nimekukosea sana."

"Binti yangu, mimi radhi yako nimeisikia. Ila nyuki hawasikii Kiswahili." Akaenda zake.

Siku ya tatu, mchana, vilipobaki vichaka vya marehemu tu, Bi Mkubwa aliomba ang'oe mwenyewe. Hawakumzuia. Aling'oa vitatu, akaishiwa nguvu, na vilivyobaki aling'oa Profesa huku mama yake amesimama pembeni akimwonyesha: kile, sasa kile, sasa kile. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Waliporudi nyumbani Bi Mkubwa alipakua chakula katika sinia moja, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yake, akaliweka katikati. Profesa aliketi mbali, karibu na mlango. Kitinda alikuwa amesimama, masizi mpaka kwenye nyusi.

"Kaa ule," mama akasema.

"Mimi sili na mtu huyu."

"Utakula na nani?"

"Mama, amechoma jasho la baba. Amemuulia mzee wa watu nyuki wake. Kila nikimtazama natamani—"

"Wewe unatamani," Bi Mkubwa akamkatiza, na kwa mara ya kwanza katika siku zile zote sauti yake ilipanda. "Unadhani mimi sina hasira? Hasira niliyonayo, Kitinda, ingekuwa moto wasingehitaji mafuta ya taa pale nje. Nina hasira naye aliyeleta. Nina hasira nawe uliyejua, ukanipima kama mtoto wa kuchaguliwa habari. Wiki moja ya mavuno. Nani aliwaambia naitaka? Mngeniambia, ningeyaacha matunda yaozee juu ya mti, mti ukabaki."

Akamimina maji, akanawa.

"Mimi sikuchuma," akaendelea, sauti imeshuka. "Majirani hawakuchuma. Nyuki wa watu hawakuchuma. Amechuma mmoja, mmoja akamfichia. Haya, nionyesheni sahani yake iko wapi, na yangu iko wapi."

Profesa alianza kulia kwa sauti, mabega yakimpanda na kumshuka.

"Usinililie hapa," mama akamwambia. "Sogea. Ule."

Akasogea. Kitinda naye akaketi. Walikula watatu katika sinia moja, chakula kikiwa na ladha ya moshi kila tonge, na hakuna aliyeinua macho.

Katazo lilikuwa la miaka mitano. Bi Mkubwa alifariki mwaka wa tatu, wakati wa kiangazi, mteremko ukiwa mtupu kama kiganja. Waliomzika walipita juu ya matuta yasiyo na kivuli, na baadhi ya majirani hawakuja. Wawili aliowaacha bado wanaishi nyumba moja. Husemeshana lililo lazima tu: maji yameisha, mlango funga, kesho ni zamu yako. Kitinda hajamsamehe kaka yake, wala hajajisamehe mwenyewe, na pale mkekani hutazama ile nafasi ya tatu, ya yule ambaye hakuchuma chochote, na ambaye alikula hadi tonge la mwisho. Mchuma janga hula na wa kwao.